Simu Niliyoitia Kinuni

Chanika, jioni

Saumu, mke mwenzangu,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, maana mchana wa leo umekula sahani mbili za kisamvu ukasema Iringa watakupikia wapi cha namna hii. Mie mzima. Goti tu ndilo linalonuna, na hilo limeanza kununa kabla hujazaliwa.

Nimekutuma Tabata ukamuage mama yako, lakini ukweli ni kwamba nilitaka nyumba iwe tupu. Nimekaa mkekani na jirani yetu Mwalimu Ester, yule mstaafu wa shule ya msingi, na kalamu anayo yeye. Nimemwambia aandike kila ninachosema, hata pale nitakapojisema vibaya. Ameshaanza kubisha. Ananiambia, "Bi Mwantumu, barua ina utaratibu wake." Nimemjibu, utaratibu utatukuta njiani, wewe andika.

Sitakuambia ule vizuri, wala uvae sweta, wala usimfungulie mlango mtu usiyemjua. Nimekulea, mjukuu wangu, tangu una miaka minne, mama yako alipoolewa tena. Kama hayo hujayajua mpaka leo, karatasi hii haitakusaidia. Kuna neno moja tu ninalotaka uende nalo. Limenikaa kooni miezi saba, tangu siku ile uliponisomea maswali ya chuo chenu. Mie niliyefunda wanawali wa nusu ya Chanika hii, nikawafundisha kumwomba radhi mume, na wifi, na mama mkwe, neno hilo limenishinda kwa mdomo. Kesho alfajiri unapanda basi. Sitaki liondoke na wewe bila wewe kujua kwamba unalo.

Lakini nianze mbali kidogo, maana kosa lenyewe lilianzia mbali.

Nilipokuwa na watoto wangu wawili wa kwanza, yalikuja hapa madarasa ya kusomesha watu wazima. Tulikuwa tunakaa kwenye ghala la korosho, jioni, wanawake kwa wanaume, kila mtu na kibao chake. Nilikwenda jioni tatu. Ya tatu, mwalimu akaniita ubaoni. Kijana tu, suruali yake pana kama pazia. Nikaishika chaki kama ninavyoshika mchi, kwa ngumi. Akacheka. Hakucheka sana, alicheka kidogo, kama mtu aliyekumbuka jambo. Lakini ghala zima likamfuata. Nikaiweka chaki chini, nikasema, nimesikia mtoto wangu analia. Hakuna mtoto aliyekuwa analia. Sikurudi tena.

Watu wakiniuliza, nilikuwaga najibu, "Mie kungwi, nina shule yangu." Na kweli ninayo. Kumweka bibi harusi ndani siku saba, ukamfunda mpaka akatoka mtu mwingine, hiyo si kazi ya kila mtu. Lakini nilitumia ukungwi wangu kuifunika ile chaki. Nikaifunika miaka yote hiyo, mpaka mwenyewe nikasahau kwamba kuna kitu chini.

Ndipo ukaja wewe, umepata nafasi ya shahada ya ualimu. Nilipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Halafu ukaniambia utasoma humu humu ndani, kwenye simu, kwa sababu hutaki kuniacha peke yangu na goti hili. Wenzako walikwenda kupanga chumba Mikocheni, wewe ukabaki na mie. Badala ya kushukuru, nikapata pa kudharau. "Chuo gani hicho hakina mlango?" Ndivyo nilivyokuambia. Unakumbuka? Ukacheka, ukasema, "Bibi, mlango ni nenosiri." Nikasema mlango wa kunong'onewa si mlango. Mama Zuhura naye akapita pale uani akatia chumvi: "Bi Mwantumu, mjukuu wako kapata chuo cha kitandani? Na mie nataka, nifanye shahada ya kulala." Nikacheka naye. Ulikuwa unaosha vyombo, ulisikia. Nisamehe na kwa hilo, ila siyo neno lenyewe.

Neno lenyewe ni siku ya kumtoa mwali wa Mama Zuhura.

Yule binti, Zuhura mwenyewe, alikuwa amepata kazi yake ya kwanza, anaolewa Temeke, na mama yake akaniomba nimfundie hapa kwangu kwa sababu kwao kulikuwa na mafundi wanapiga plasta. Nikamweka chumba cha ndani. Wewe ukahamia kile cha pili. Na nyumba yetu unaijua, ukuta haujafika juu, hakuna dari. Mtu akikohoa jikoni anaambiwa pole barazani. Siku ya saba wakaja makungwi wenzangu, Bi Kidawa na wenzake, tukafunga mlango, ngoma ikashuka, tukaanza yale mambo ya ndani ambayo hayatoki nje. Katikati ya wimbo nikasikia sauti ya mwanamume, nzito, inatoka upande wako wa ukuta.

"Tunakusikia vizuri. Endelea."

Ngoma ikakatika. Bi Kidawa akanitazama kama nimemuuza. Nikainuka, goti na yote, nikaja kwako. Nikakukuta umekaa kwenye kigoda, juu shati jeupe umelipiga pasi, chini kanga, simu umeiegemeza kwenye kopo la sukari. Kwenye kioo kuna vichwa vya watu katika vijumba vidogo vidogo, wanaume kwa wanawake. Wewe unazungumza, kidole kimoja juu, kama mtu mkubwa.

Yule mwenye sauti nzito akaniona. Akasema, "Shikamoo mama."

Sikumjibu. Mie, ninayewapiga wanawali vikofi kwa kutoitikia salamu, nilimwacha mtu na shikamoo yake hewani. Nikaichukua simu, nikaizungushia kanga, nikaenda nayo jikoni nikaitumbukiza kwenye kinu, nikafunika na ungo. Muda wote huo ulikuwa nyuma yangu. Hukupiga kelele. Ulisema, "Bibi, naomba dakika kumi tu." Nikakuambia, "Dakika kumi za kuwauzia wanaume siri za watu? Kanawe uso, uje upige makofi."

Ukanawa uso. Ukaja ukapiga makofi. Mwali akatolewa, wewe ndiye uliyembebea mkeka, na watu wakakusifu jinsi ulivyotulia. Simu ilikaa kinuni mpaka jua linazama, na kwa wiki nzima ilinuka bizari.

Hukusema neno. Mwaka ule ukaisha, ukaja mwingine, ukawa bado unasoma. Mie sikujua kuhesabu mambo ya vyuo. Mwenzako wa Mikocheni alipovaa joho, nikadhani yeye aliwahi na wewe umechelewa kidogo, kama mimba.

Sasa nikuambie jambo jema, maana barua hii nimekusudia kushukuru na Mwalimu Ester ameanza kukunja uso.

Mwaka ule wa nyongeza nilianza kukaa na wewe. Nitakuambia kwa nini: nilikuwa nalinda. Nilitaka kujua hao wanaume wanasikiliza nini. Nikaja na ungo wangu wa mchele, nikakaa nyuma yako, ambapo hawanioni. Na mie nikaanza kusikiliza. Wallahi, Saumu, miaka yote nilikuwa sijawahi kukaa darasani zaidi ya jioni tatu, na sasa darasa limenifuata mpaka jikoni kwangu nikiwa nimejifunga kanga moja. Unadhani nilikuwa nachambua mchele? Mchele ule ulikuwa msafi tangu dukani.

Nikawajua walimu wako kwa sauti. Yule wa Jumatatu, anayesoma maandishi yake bila kuinua macho, kama dobi anayehesabu mashuka. Nilimwambia mbele ya kioo, "Baba, hao maandishi wanayaona, waeleze!" Ukaniziba mdomo. Halafu yule mama wa Alhamisi, mwenye jogoo. Anafundisha, jogoo wake anawika, yeye anasema, "Huyo naye ana swali, ngoja amalize." Nilimpenda papo hapo. Lakini kilichonifanya nimheshimu si jogoo. Alikuwa akimaliza jambo anauliza, "Nani sijamsikia leo?" Halafu ananyamaza. Ananyamaza mpaka mie nyuma yako naona haya, natamani niseme kitu. Mara inatoka sauti ya mtoto wa watu huko sijui Kigoma, nyembamba, inatetemeka: "Mimi mwalimu, sijaelewa tangu mwanzo." Na yule mama hakucheka. Alisema, "Afadhali umesema. Turudi mwanzo."

Nikauweka ungo chini. Nilikuwa najua mie tu, na makungwi wenzangu, kwamba mwali hafunguki mpaka umngoje. Nilidhani hilo haliwezekani bila kumshika mtu mkono na kumtazama machoni. Yule mama alikuwa anawangojea watu asiowaona. Nikajiuliza, ningempata yeye pale kwenye ghala la korosho, ningekuwa nani leo? Pengine kalamu hii ningeishika mwenyewe. Mwalimu Ester ameacha kuandika, ananitazama. Andika, mwalimu, hatujafika.

Tukafika kwenye lile dodoso. Umemaliza mitihani, chuo kikakuletea maswali kwenye simu, kinataka wanafunzi waseme mafunzo ya mtandaoni yalikuwa na ubora gani. Ilikuwa alasiri, unanisuka, ukaacha nusu ya kichwa changu wazi. Nikasema nisomee na mie nisikie. Ukasoma: "Mwalimu alieleza mada kwa namna inayoeleweka. Chagua moja hadi tano."

"Dobi mpe moja," nikasema.

"Bibi, anayejaza ni mimi."

"Mchele nimechambua na nani? Mpe moja. Mwenye jogoo mpe sita."

"Inaishia tano, bibi."

"Basi hao hawajui kupima."

Ukacheka mpaka kitana kikaanguka. Ukasoma jingine, la kama mtandao ulikuwa imara, jingine la kama vitabu vilipatikana. Mie najibu, wewe unanikatalia. Raha tupu. Halafu ukasoma: "Je, uliwahi kurudia somo? Kama ndiyo, eleza sababu." Kidole kikaanza kuandika peke yake, haraka haraka.

"Umeandika nini?" nikauliza.

"Kitu kidogo tu, bibi."

"Nisomee."

"Nimeandika, mtandao ulikatika."

Nikageuka na kichwa changu nusu kimesukwa. "Ulikatika lini?"

Ukaangalia kitana. Ndipo ukaniambia. Kwamba siku ya mwali wa Mama Zuhura ulikuwa kwenye mtihani wa kuzungumza, zamu yako ilikuwa ndiyo imeanza. Kwamba uliandika barua ya kuomba upangiwe siku nyingine, wakataka sababu yenye ushahidi, na wewe hukutaka kuandika jina la bibi yako kwenye karatasi za chuo. Kwamba somo lile lilifundishwa mara moja kwa mwaka, ukalazimika kulingoja lirudi. Mwaka mzima, Saumu. Halafu ukaniwekea mkono begani ukasema, "Hukujua, bibi. Ulidhani wanasikiliza mambo ya ndani. Ungejua usingefanya."

Nami nikageuza kichwa, nikasema, "Nimalizie kusuka."

Hili sasa ndilo neno. Mwalimu Ester, hili andika kwa herufi kubwa.

Nilijua.

Pale jikoni, kabla ya kusema dakika kumi, ulisema, "Bibi, ni mtihani." Wewe umelisahau, au umejifanya umelisahau ili uniachie pa kusimama. Mie sijalisahau. Nililisikia sawasawa, ungo uko mkononi, sijafunika bado. Na nikafunika. Nilijiambia, mtihani gani wa kwenye kopo la sukari? Nilimwona yule mwalimu jinsi alivyosalimia kwa adabu, nikajua si mtu wa kusikiliza siri za wanawake. Hofu ya siri ilinileta mpaka mlangoni kwako, hiyo ni kweli. Lakini iliyofunika ungo haikuwa hofu. Ilikuwa ile chaki. Nilikuona umekaa na kidole juu, unaongea, na watu wazima wananyamaza wanakusikiliza, hakuna anayecheka, nikaona wivu. Na wewe ulikuwa mtoto wangu mwenyewe.

Basi. Limetoka. Naomba radhi, Saumu. Siombi kama bibi anavyoomba, kwa kutania na kukupa nazi ya kwenda nayo. Naomba kama mtu aliyemkosea mtu.

Na nitakukosoa kidogo pia, kwa sababu nikikusifu tu utadhani nimeugua. Ulinificha, na nakushukuru, maana najua ulinificha kwa mapenzi. Lakini uliponificha ulinipa mwaka mzima wa kujiona mtu mwema. Siku nyingine mtu akikukosea, hata awe mkubwa kwako, hata awe ndiye aliyekuogesha, mwambie. Mwambie kwa adabu, lakini mwambie, apate nafasi ya kuomba radhi wakati jeraha bado bichi. Mie nimechelewa na sioni fahari.

Kuna kitu nilifanya mwezi uliopita ukiwa kwenye usaili, sikukusimulia. Niliingiza mwali mwingine, binti wa Mbagala, anasomea diploma hivyo hivyo kwenye simu. Siku ya tatu akaniambia kwa woga, "Somo yangu, kesho saa nne nina kipindi." Bi Kidawa akaruka. "Mwantumu! Tangu lini mwali akatoka ndani kwenda kuongea na wanaume kwenye simu?"

Nikamwambia, "Tangu kesho saa nne."

Nikamtoa mwali, nikamkalisha kwenye kigoda chako, nikamwegemezea simu kwenye kopo la sukari, nikakaa mlangoni na mchi mapajani. Ngoma ikanyamaza saa nzima. Bi Kidawa alinuna, kisha akaomba naye asogee asikilize. Mwali alipomaliza akanibusu mkono. Nilitaka kumwambia asinishukuru mie, amshukuru mjukuu wangu, nikashindwa kwa sababu ningelia, na kungwi halii mbele ya mwali.

Sasa unakwenda Iringa kuwa mwalimu msaidizi wa watoto wanaosoma kwenye simu. Chuo chenyewe kimo ndani ya simu na bado wanataka usafiri siku nzima kukifuata. Sijaelewa, lakini nenda. Sina la kukufundisha juu ya vitabu. Nina hili moja tu. Mwanafunzi akikuambia mtandao ulikatika, usiandike tu mtandao. Mngojee kama yule mama mwenye jogoo. Muulize kwa upole nani alikuwa anamwita. Nyuma ya kile kijumba chake kuna jiko, na kuna mtu mwenye ungo mkononi. Pengine mtu huyo si mbaya. Pengine anahitaji naye asogezewe kigoda.

Nashukuru ulikaa na mie badala ya Mikocheni. Nashukuru ulinisomea dawa zangu, na barua za serikali ya mtaa, na midomo ya watu kwenye televisheni wanapoandikiwa maneno chini. Nashukuru zaidi kwa zile alasiri ambazo hukunifukuza nyuma yako. Ulijua mchele ni msafi. Ulijua siku zote, na ukawa unaongeza sauti ya simu ili nisikie. Uliniletea shule bila kuniambia kwamba umeniletea. Mie nilikuwa nimeikimbia, ukaniwekea mlangoni kama chakula cha mtu aliyesusa.

Lile dodoso lilikuwa na kisanduku cha mwisho, uliniambia: kama una jambo lolote la kuongeza. Ulikiacha kitupu. Nakijaza mie. Ukifika kazini, waoneshe wakubwa wako, na jina langu walitaje: Mtandao haukukatika. Bibi yake, Mwantumu wa Chanika, aliitia simu kwenye kinu kwa wivu. Darasa lilikuwa zuri. Yule mwalimu aliyetoa shikamoo, marahaba, mwanangu, na unisamehe.

Barua hii Mwalimu Ester ataikunja, nami nitaitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, chini ya kashata. Kesho tutakapoagana hutakuwa umeisoma, kwa hiyo tutataniana kama kawaida na nitakuambia usiniibie mume huko. Utaisoma njiani. Ukishaisoma, usiniandikie. Nipigie. Kama umenisamehe, piga. Kama bado, piga vilevile. Umenifundisha kubonyeza kile cha kijani, nimekishika. Nitakuwa nimekaa jikoni, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, nimewaambia majirani wanyamaze. Wewe useme lolote ulilo nalo, hata kama ni kali, hata kama ni refu. Sitakukata.

Nakusikia vizuri, mke mwenzangu. Endelea.

Bibi yako,
Mwantumu

(Jina hilo la chini ameliandika mwenyewe, herufi moja moja, kalamu ameishika kwa ngumi. Sikucheka. Ni mimi, Ester.)